Mashine Hununuliwa Tena, Hesabu Hainunuliki



Kila msimu wa kuchuma unapokaribia, matawi yetu huulizana juu ya kununua kompyuta ya kuandikia pishi za wachumaji na fedha walizokopeshwa wenye mashamba. Ni jambo jema, ila yafaa tujue ni wapi pa kubana matumizi na ni wapi hapabaniki. Mimi nililijua hilo kwa hasara, mbali na visiwa vyetu, huko Rungwe Mpya katika Wilaya ya Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, nilikokaa miaka miwili nikiwaandikia hesabu wakulima wa mahindi na maharage.

Kikundi kile kilinunua kompyuta iliyokwisha tumika, wala hatukuikagua. Hesabu zote zilikuwa ndani yake, na nakala hatukuwa nayo. Wiki ya malipo diski ikaanza kulia kama panya atafunaye ubao, kisha ikanyamaza kabisa. Waliotunza stakabadhi zao za karatasi walilipwa. Wasiokuwa nazo tulibishana nao siku nyingi, na mzee mmoja aliondoka akisema tumemwibia. Sikuwa na la kumjibu, maana hata mimi sikujua alileta magunia mangapi.

Basi tuanze na kununua. Kompyuta iliyotumika si mbaya, lakini tazameni mambo haya:

Kwanza, chagueni ya mpakato, kwa sababu betri yake huishikilia umeme ukikatika ghafla. Iwasheni dukani bila waya, muone betri yakaa muda gani.

Pili, ulizeni diski ni ya namna gani. Ya zamani ina sahani izungukayo kwa kasi, na kisomeo kipitacho juu yake karibu mno. Ikianguka ikiwa kazini huharibika upesi. Ile ambayo mafundi huiita SSD haina kitu kizungukacho ndani, nayo ina kasi zaidi. Mashine nzee ikibadilishiwa diski hiyo, na kuongezewa ramu ifike GB 8, huweza kufanya kazi ya ofisi kwa miaka mingine.

Tatu, Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi kutumia Windows 11. Msizitupe. Zaweza kuwekewa Linux pamoja na LibreOffice, ambazo hupatikana bure na kutosha kwa barua na hesabu. Programu za wizi ziepukeni, kwani mara nyingi huja na virusi.

Sasa tuje kwenye nakala, ambapo hapabaniki. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Kwa tawi letu, ya kwanza ni ile iliyo ndani ya kompyuta. Ya pili ni ya flashi, ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha itolewe; ikiachwa hapo, virusi au radi ipigayo kompyuta huipiga nayo pia. Ya tatu ikae nyumbani kwa mweka hazina, katika flashi nyingine. Hesabu zetu ni maneno na tarakimu tu, hazichukui nafasi kubwa, hivyo flashi ndogo zatosha. Nakilini kila jioni ya siku ya kupima, na kila mwezi ifungueni nakala katika kompyuta nyingine, mhakikishe yasomeka.

Wala karatasi tusiidharau. Wengi wetu twakumbuka jinsi Unguja ilivyokosa umeme wa Bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme ilipoharibika. Taabu kama hiyo ikirudi katikati ya msimu, flashi haitasomeka, bali ukurasa uliochapwa na kutiwa sahihi kila wiki utasomeka hata kwa taa ya mafuta. Kila mwanachama naye apewe stakabadhi yake, aiweke pakavu.

Kwa hiyo katibu atakapoleta bei ya kompyuta kwenye mkutano, mwulizeni kwanza fedha za flashi mbili na karatasi ziko wapi. Kama hazimo, punguzeni bei ya mashine mpaka zipatikane.