Wakati Kolera Inafika: Hospitali Inajitayarisha Namna Gani?

Wamama, pengine mumekwisha kuuliza: sababu gani wanatufunga njia? Mutoto anahara, nao wanamupeleka kwenye mulango mwingine, wanakunyunyizia klore ku miguu, wanaruhusu mutu mumoja tu kubaki naye. Inaonekana kama zarau. Sikieni sababu yake.

Kolera ilishika Lubumbashi mwaka 2008, tena 2013. Usiku mumoja wa 2008, ningali muuguzi kijana, wagonjwa walifika wengi kwa mara moja. Tuliwalaza popote, hata karibu na chumba cha wamama waliozaa. (Nikikumbuka hilo ninaogopa mpaka leo.) Klore ilikuwa mu depo, lakini ufunguo ulikuwa na mutu aliyelala mbali. Tulienda kumutafuta kwa miguu, mvua ikinyesha.

Ndiyo maana ninafundisha wanafunzi wauguzi kwamba mbele ya mvua ya kwanza, ufunguo wa pili unapashwa kukaa kwa wale wa zamu. Mahali pa hema panajulikana. Vitanda vyenye tundu viko tayari, na ndoo chini yake, kusudi tupime maji yanayotoka, kisha tuyatupe na klore. Klore ya mikono si kali. Ya kuosha sakafu ni kali mara kumi. Ukizichanganya, unachoma ngozi ya mutoto ao unaacha ugonjwa pale chini.

Goma, mwezi wa Julai 1994, kolera iliingia katika wakimbizi kutoka Rwanda. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Kwa wingi namna ile, seromu haitoshi kila mutu. Inafaa kuichunga kwa wale waliolegea kabisa, wasioweza kunywa. Wengine wanapona kwa kunywa tu, na anayewanywesha ni mama. Basi katika mupango wa hospitali, mama anahesabiwa kama mutumishi.

Kazi yenu inaanza nyumbani. Litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Musizidishe chumvi! Munywesheni kidogo kidogo. Akitapika, mungojee dakika 10, muanze tena. Ziwa lisikatazwe. Lakini musikae nyumbani kungojea. Mukuje mara moja, hata usiku, naye anywe ku njia.

Mukifika, musisimame katika mustari wa kupima uzito. Muambieni mulinzi wa mulango: "Anahara kama maji." Yeye anajua hema iko wapi.