Kuligeuza Land Rover Kuukuu Kuwa Malazi ya Safari

Likizo zinapokaribia, wengi wetu tunaoishi Uingereza huanza kuhesabu gharama za kuwapeleka watoto nje ya mji. Familia zetu ni kubwa na vyumba vya hoteli ni vidogo. Kwa hiyo baadhi yetu wameamua kununua gari kuukuu la milimani na kulitengeneza wenyewe liwe mahali pa kulala. Ni wazo jema, maadamu kazi ifanywe kwa maarifa, kwani kosa dogo katika malazi ya namna hii laweza kugharimu roho za watu.

Jina la Land Rover si geni kwetu. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na lilipofika Afrika Mashariki lilizoeleka mashambani, mbugani na katika vituo vya polisi, hata likaitwa Landrova kana kwamba neno hilo ni letu la asili. Lile la umbo la kale, lililopewa jina la Defender mwaka 1990, liliacha kuundwa mwezi Januari 2016. Hapana budi basi kununua lililokwisha kutumika. Na ieleweke mapema kwamba hata lile refu, la 110, hulaza vyema watu wazima wawili tu. Hicho ni chumba cha mama mwenye mtoto mchanga, au cha mzee asiyestahimili baridi. Vijana watalala hemani kando yake.

Kwanza, likaguliwe. Mabati ya bodi ni ya alumini, lakini chesisi yake ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kutoka ndani. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huoza. Likimwagiwe maji kwa mpira, mtu akiwa ndani na tochi, ili kila mahali panapovuja pajulikane na pazibwe kabla ya kufunikwa.

Pili ni kinga ya baridi. Alumini hupitisha joto upesi, hivyo usiku bati huwa baridi karibu sawa na hewa ya nje. Waliolala ndani hupumua mvuke usiku kucha, na mvuke huo ukigusa bati hugeuka matone yanayodondokea matandiko. Baada ya muda huota ukungu, na ukungu ni adui wa mwenye pumu. Tunashauri sponji ngumu isiyofyonza maji, yenye unene wa milimita 20 hivi, ibandikwe kwa gundi moja kwa moja juu ya bati pasibaki nafasi kati yake. Penye nafasi, mvuke hupenya na kutona mahali pasipoonekana. Pamba ya vioo haifai, kwa kuwa ikilowa haikauki kwa urahisi. Mbavu za chuma nazo zifunikwe, maana hupitisha baridi kama bati lenyewe. Kwa madirisha, zikatwe sponji za umbo lake, zibandikwe usiku na kuondolewa asubuhi. Juu ya yote huja plaiwudi nyembamba.

Kitanda kiwe cha mbao, na chini yake masanduku ya vyombo na dumu la maji la lita 20, la kupikia na kutawadhia. Vitu vizito vikae chini na vifungwe barabara, kwani gari hili ni refu kwenda juu na mzigo wa juu hulifanya liyumbe. Kila kinachotiwa ndani kipimwe na kuandikwa, kisha jumla ilinganishwe na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uzito nao ni vivyo hivyo.

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hewa. Kinga ya baridi hupunguza mtono lakini haiondoi mvuke, kwa hiyo pawe na matundu mawili yasiyozibwa kamwe, moja chini na moja juu. Kamwe usiwashe seredani ndani ya gari, wala chetezo cha udi, wala usiingize jiko la mkaa linaloonekana limezimika. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Aliyelala haamki. Hapa Uingereza wamekufa watu mahemani kwa jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kupasha joto. Ifungwe kengele ya kutambua hewa hiyo, yenye alama EN 50291-2, ambayo ni ya magari na mashua. Mtu akiumwa kichwa na kichefuchefu, wote watoke nje mara moja.

Taa zitumie betri ya pili, ili ile ya kuwashia injini isiishe usiku, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Sheria nazo zisisahauliwe. Aina ya bodi ikibadilika, ofisi ya DVLA iarifiwe, na kampuni ya bima pia. Gari likiwa njiani, pasiwe na mtoto kitandani. Kila mmoja akae penye mkanda. Watakaokwenda Scotland wajue kwamba uhuru wa kupita katika ardhi, uliowekwa na sheria ya 2003, hauhusu magari. Mwenye shamba aombwe ruhusa, au itafutwe kambi ya kulipia.

Kabla ya safari ya kwanza, laleni usiku mmoja wa baridi mbele ya nyumba yenu. Asubuhi pitisheni mkono darini na pembeni. Penye maji ndipo penye kazi iliyosalia.