Mzingo wa Shamba Si Ukubwa Wake

Katika vilima vya Masisi mashamba yaliyo mraba kamili ni machache. Huku kijito kimepinda, kule bonde limekata pembe, na pengine nyumba ya jirani imesimama hapo tangu enzi za mababu. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa mzingo wa mstatili tu, yaani kujumlisha urefu na upana kisha kuzidisha kwa 2, hushindwa mara baba yake anapomtuma kupima malisho ya ng'ombe. Wazazi na wanafunzi, tulitazame jambo hili kwa makini, maana mna ndani yake zaidi ya hesabu ya darasani.

Mzingo ni jumla ya urefu wa kando zote za nje. Tulishike neno hilo: za nje. Tuchukue shamba lenye umbo la herufi L. Upande wa chini una mita 60. Kuume mpaka unapanda mita 25, unaingia ndani mita 20 kwa sababu ya kiwanja cha jirani, kisha unapanda tena mita 15. Juu kuna mita 40, na kushoto mpaka unashuka mita 40 hadi tulipoanzia. Jumla ni mita 200.

Wanafunzi wengi hulikata shamba hilo vipande viwili: mraba wa mita 40 kwa 40, ambao mzingo wake ni 160, na mstatili wa mita 20 kwa 25, ambao mzingo wake ni 90. Hujumlisha wakapata 250. Kosa liko wapi? Mstari wa mita 25 unaotenganisha vipande umehesabiwa mara mbili, nao hauko nje hata kidogo. Tukitoa 50, tunarudi kwenye 200. Mwenye kuzungusha nyuzi tatu za senyenge kwa hesabu ile mbovu atanunua mita 750 badala ya 600. Fedha ya mita 150 imepotea bure.

Kanuni ni hiyo hiyo penye mviringo. Zizi la mstatili wa mita 20 kwa 14, lililoongezewa nusu duara kwenye upande mmoja wa mita 14, lina mzingo wa 20 na 20 na 14, pamoja na kando ya nusu duara, ambayo ni karibu mita 22. Jumla ni mita 76. Ule upande wa 14 uliofunikwa na nusu duara hauhesabiwi, kwa kuwa umekuwa ndani.

Sasa tufikie jambo zito zaidi. Shamba la mstatili wa mita 60 kwa 40 lina mzingo wa mita 200, sawasawa na lile la herufi L. Basi jirani akimega pembe ya mita 20 kwa 15, mzingo haupungui hata mita moja, lakini eneo limeshuka kutoka mita za mraba 2400 hadi 2100! Akimega kiasi hicho hicho katikati ya upande mrefu, akiingia ndani mita 15, mzingo huongezeka ukawa 230. Shamba limepungua, na mzunguko wake umekua.

Hapo ndipo warithi hupunjwa. Ndugu wawili wagawanapo shamba la baba yao kwa kuhesabu hatua za kuzunguka, mmoja aweza kupata mita 50 kwa 50, na mwingine mita 80 kwa 20. Wote wawili wanazunguka mita 200. Lakini wa kwanza ana mita za mraba 2500, na wa pili 1600 tu. Hila hii ni ya kale. Proclus, aliyefundisha Athene katika karne ya 5, alisimulia habari za watu waliowapa wenzao ardhi yenye mzingo mkubwa na eneo dogo, wakasifiwa kuwa waaminifu, huku wao wenyewe wakivuna zaidi.

Masisi inajua bei ya ugomvi wa ardhi. Mapigano yaliyoanzia Ntoto, wilayani Walikale, mwaka 1993, yalienea hadi Masisi, na swali la ardhi lilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Kamba ya kupimia haiwezi kumaliza ugomvi mkubwa namna ile. Lakini nyumbani, kati ya ndugu na ndugu, yaweza kuzuia chuki isizaliwe.

Basi tufanye hivi. Tuchore umbo la shamba karatasini. Tuweke jiwe mahali pa kuanzia, tupime kila upande mbele ya majirani, tuandike kila kipimo, wala tusikome mpaka tumerudi kwenye jiwe letu. Jumla hiyo ni ya ua. Kisha tulikate umbo vipande, tutafute eneo la kila kipande, tujumlishe. Jumla hiyo ya pili ndiyo ya kugawia urithi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.