Kabla Hujafungua Injini, Soma Rangi ya Moshi

Leo tunaweka ubwiriunga pembeni kidogo, tuongelee pikapu na Kanta zinazobeba mzigo wetu.

Minada ya korosho kwa kawaida inaanza Oktoba. Gari likilala gereji wakati huo, korosho zinabaki nyumbani, mvua inakaribia, na wewe unakodi gari la mwenzio. Ukifungua injini bila sababu, umeshachoma hela ya salfa ya msimu ujao. Moshi una rangi tatu, na kila rangi ina kesi yake.

Moshi mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo

Hii ndiyo kesi nyepesi, na huku kwetu ndiyo ya kwanza kuishuku. Vumbi la barabara za uwandani na salfa ya unga vinaziba kichujio cha hewa, ile ea klina. Injini ikikosa pumzi, mafuta hayaungui yote. Toa kichujio, kitazame kwenye mwanga wa jua. Kama mwanga haupiti, badilisha. Kama ni kisafi na gari ni la dizeli, angalia mpira wa tabo usiwe umepasuka, kisha nozo zipimwe. Kanta iliyozidishiwa magunia nayo itatoa moshi mweusi ikipanda mlima kwenda Newala. Hapo mbovu ni mzigo, punguza.

Moshi wa bluu: injini inakula oili

Anza na kijiti cha oili. Ikiwa imepita alama ya juu, ipunguze kwanza. Ikiwa iko sawa, angalia moshi unatoka *lini*:

- Unatoka asubuhi ukiwasha, kisha unakata: oili inavuja kwenye sili za valvu usiku kucha.
- Gari la petroli, umeshuka mlima kutoka Newala umeachia mafuta, ukikanyaga tena linatoa wingu la bluu: shuku sili za valvu pia.
- Unatoka muda wote, na unazidi ukivuta mzigo: shuku ringi za pistoni. Gari lenye tabo, sili za tabo zikaguliwe kabla ya kugusa ringi.

Kipimo kingine: injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kama moshi unapuliza kwa nguvu pale, ringi zimechoka. Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, uone namba mwenyewe. Sili za valvu ni kazi ndogo ukilinganisha na ringi, kwa hiyo usikubali neno "ovahoo" kabla ya kipimo hicho.

Moshi mweupe: hapa usicheze

Mvuke mwepesi asubuhi ya baridi ya Juni au Julai, ukapotea injini ikipata moto, ni kawaida. Dizeli ikitoa moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta mabichi, dizeli haiungui: angalia plagi za joto na nozo.

Hatari ni moshi mweupe mzito usiokata, huku maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapovujia. Hiyo mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Usiwashe tena, livutwe hadi gereji.

Tunajua maji uwandani ni ya kutafuta, ndo maana wengine wanajaza chochote kilichopo kwenye ndoo. Maji ya tope na chumvi yanaziba rejeta, injini inachemka, gasketi inakufa. Tumia kulanti. Na gari likichemka njiani, zima, subiri lipoe kabisa. Ukifungua rejeta ya moto utaungua uso, na ukimwagia injini ya moto maji baridi, hedi inaweza kupasuka.

Na mashine ya kupulizia salfa?

Hii usiipime kama gari. Injini yake inachanganya oili na petroli, kwa hiyo moshi mwepesi wa bluu ni kawaida. Ukizidi, umezidisha oili. Fuata kipimo cha mtengenezaji: kama ni 25 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 40 za oili. Usikadirie kwa jicho: oili ikipungua, moshi utakuwa safi na pistoni itakwama.

Ukienda kwa fundi

Usiseme tu "gari linatoa moshi". Sema rangi, sema unatoka lini, sema oili na maji vimepungua kiasi gani kwa wiki. Andika kwenye daftari lile lile la shamba. Na ukaguzi huu ufanye Agosti, mikorosho ikiwa bado na maua, sio siku ya kupeleka mzigo AMCOS.

Kazi njema, na msimu mwema.