Gishora: Kilima cha Ngoma na Walinzi Wake

Warundi, kwa desturi yao ya asili, hawakukaa vijijini, bali kila familia ilijenga urugo wake, yaani boma lenye uzio, nyumba, maghala na ua wa ng'ombe, kwenye mteremko wa kilima, likizungukwa na migomba na mashamba. Mpangilio huo unaonekana Gitega kama unavyoonekana Buhinyuza kule Muyinga, kwa hiyo kukaa mbali na jirani si jambo geni katika nyanda za juu za Burundi. Kilima cha Gishora, kilichoko kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega, kilitengwa kwa sababu nyingine kabisa, kwani kilikuwa makao ya ngoma.

Inasimuliwa kwamba Mwezi Gisabo, mwami (mfalme) aliyefariki mwaka 1908, aliyaanzisha makao hayo katika nusu ya pili ya karne ya 19 baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi, na kwamba ulinzi wake ulikabidhiwa ukoo wa Abanyigisaka, ambao ni abatimbo, yaani wapiga ngoma wa kurithi. Hapo zilitunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme, maana yake yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Majina hayo ni ya jembe na panga zaidi kuliko ya mkuki, jambo linalostahili kuzingatiwa kwa kuwa makao yenyewe yanasemekana kuzaliwa na vita.

Ngoma huchongwa katika gogo moja la umuvugangoma, mti ambao Waswahili wengi wa bara huuita mringaringa, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe inayoshikiliwa na vigingi vya mbao. Ngozi hiyo huitwa icahi, kama ile ambayo mama hubebea mtoto mgongoni. Vigingi huitwa amabere, yaani matiti. Ukanda unaozunguka kichwa cha ngoma ni urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Chini yake kuna inda, ambalo ni tumbo, na mwishoni umukondo, yaani kitovu. Chombo kizima, kwa hiyo, ni mwili wa mama. Abatimbo huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma zao nzito huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza, huku amashakwe zikishika mdundo usiokatika na ibishikizo zikiufuata mwendo wa inkiranya.

Kazi kuu ya ngoma ilikuwa katika umuganuro, sikukuu ya mwezi wa Desemba ambapo mwami alibariki mtama na kuruhusu upanzi wake, na ndipo Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ilipotolewa hadharani. Sherehe hiyo ilikoma chini ya utawala wa Wabelgiji, na ufalme wenyewe ukafutwa Novemba 1966, hivyo abatimbo wakabaki na mdundo pasipo msimu wa kuutumikia. Tangu hapo wamepiga katika sherehe za taifa, mbele ya wageni wanaopanda Gishora kuona nyumba za nyasi za kifalme, na katika majukwaa ya ng'ambo. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo wa ngoma katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, heshima iliyostahili, ingawa kilichoorodheshwa ni uchezaji zaidi kuliko upanzi ulioupa maana.

Amri ya rais ya mwaka 2017 imewakataza wanawake kupiga ngoma hiyo, kwa hoja ya kulinda mila. Hoja hiyo ina msingi, kwani upigaji ulikuwa kazi ya wanaume, lakini inaeleza nusu tu ya mila yenyewe: mtunzaji wa Karyenda alikuwa mwanamke, Mukakaryenda, aliyehesabiwa kuwa mke wa ngoma hiyo.