Tupu si Sawa na Haijulikani

Kila mwalimu aliyewahi kujaza daftari la alama anaifahamu hali hii. Mtihani umekwisha kusahihishwa, alama zimeandikwa, na mbele ya jina la mwanafunzi mmoja pamebaki nafasi nyeupe. Mwalimu mwenyewe anajua kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Lakini mwisho wa muhula daftari hilo likichukuliwa na mwalimu mwingine ili atafute wastani wa darasa, yeye atafanyaje? Je, nafasi ile ni sifuri? Je, ni alama iliyosahauliwa wakati wa kunakili? Au mtihani haukufanywa kabisa? Karatasi haisemi.

Hebu tuchukue wanafunzi watano. Wanne walipata alama 60, 80, 40 na 0. Wa tano hakufanya mtihani. Jumla ya alama ni 180. Tukigawanya kwa 4, yaani idadi ya waliofanya, tunapata wastani wa 45. Tukiihesabu nafasi nyeupe kuwa sifuri na kugawanya kwa 5, wastani unashuka hadi 36. Alama tisa zimepotea, na wala hakuna aliyekosea kujumlisha au kugawanya. Kosa limo katika kuisoma nafasi tupu.

Kompyuta nayo hukumbwa na tatizo hilo hilo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu mashine haiwezi kukumbuka kwamba mwanafunzi fulani alikuwa mgonjwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi wataalamu walivyolikabili, na kwa nini mtu anayehariri taarifa kwa kompyuta hana budi kulielewa.

Majedwali na alama ya nali

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ili kompyuta iweze kuzitafuta na kuzibadilisha upesi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alipendekeza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali. Kila mstari ueleze kitu kimoja, mathalani mwanafunzi mmoja. Na kila safu wima ishike aina moja ya taarifa, kama vile jina, tarehe ya kuzaliwa au alama. Kutokana na fikra hizo ilizaliwa lugha ya SQL, ambayo iliwekewa viwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na viwango vya kimataifa mwaka 1987. Hadi leo hifadhidata nyingi duniani huulizwa maswali kwa lugha hiyo.

Jedwali lina sharti moja: kila mstari una visanduku sawa na mistari mingine. Lakini taarifa za dunia hii hazipatikani zote kwa wakati mmoja. Basi, kisanduku ambacho taarifa yake haipo kiandikwe nini? Jibu lililokubaliwa ni alama maalumu ambayo kwenye kioo cha kompyuta huandikwa NULL, nasi hapa tutaiita nali. Nali si namba wala si neno. Ni alama inayotangaza kwamba mahali hapa hakuna thamani iliyowekwa.

Mwaka 1985 Codd alitoa kanuni zake mashuhuri za kupimia mifumo ya hifadhidata. Kanuni ya tatu yasema kwamba mfumo lazima uwe na nali kwa ajili ya taarifa zinazokosekana, na kwamba nali itofautishwe na sifuri, na maandishi yaliyojaa nafasi wazi, na vilevile na maandishi matupu.

Maandishi matupu ni nini? Neno «Moshi» ni maandishi yenye urefu wa herufi 5. Tukizifuta herufi zake moja moja, tutabaki na maandishi yenye urefu wa 0. Hayo bado ni maandishi halali, ila hayana herufi hata moja. Lakini tukiiuliza kompyuta urefu wa nali, kwa kawaida haitajibu 0, itajibu nali. Yafananishe maandishi matupu na bahasha iliyokufikia, ukaifungua, ukakuta haina barua. Nali ni bahasha ambayo haijafika. Katika hali zote mbili huna barua mkononi, lakini unayoyajua si sawa.

Mfano wa zahanati

Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa mchezo wa maneno. La, sivyo. Tuseme zahanati moja ina jedwali la wagonjwa, na katika jedwali hilo imo safu ya dawa inayomdhuru mgonjwa. Wapo watu ambao penisilini huwaletea mzio mkali unaoweza kuua. Wahudumu wamekubaliana hivi: mgonjwa akiulizwa na kusema kwamba hakuna dawa inayomdhuru, kisanduku kiwekewe maandishi matupu, asipoulizwa bado, kibaki na nali.

Sasa tuseme wagonjwa ni 100. Wagonjwa 7 wameandikiwa penisilini, 60 wana jina la dawa nyingine au maandishi matupu, na 33 wana nali. Mhudumu anaiuliza hifadhidata: ni nani ambao kisanduku chao ni sawa na penisilini? Anapewa watu 7. Kisha anauliza: ni nani ambao kisanduku chao si sawa na penisilini? Bila shaka msomaji atatarajia jibu la watu 93. Lakini kompyuta inatoa 60 tu. Wagonjwa 33 hawamo katika orodha ya kwanza wala ya pili.

Kompyuta haikuharibika. Katika SQL, kulinganisha kitu chochote na nali hakuleti jibu la «kweli» wala la «si kweli», bali jibu la tatu: «haijulikani». Je, dawa isiyojulikana ni penisilini? Haijulikani. Je, si penisilini? Hilo nalo halijulikani. Na kwa kuwa swali la kutafuta hurudisha mistari ile tu ambayo jibu lake ni kweli, wagonjwa wale 33 huachwa nje mara zote mbili. Hata nali ikilinganishwa na nali nyingine jibu ni haijulikani, maana hatuna haki ya kudai kwamba vitu viwili tusivyovijua ni kitu kimoja. Ndiyo sababu SQL ina namna yake ya pekee ya kuuliza, IS NULL, yaani «je, hapa pana nali?»

Mantiki ya majibu matatu haikuanza na kompyuta. Jan Łukasiewicz wa Poland aliichapisha mapema mwaka 1920. Kanuni zake si ngumu kwa mwanafunzi. Kauli mbili zikiunganishwa kwa «na», moja ikiwa si kweli, kauli nzima si kweli, hata kama ya pili haijulikani. Zikiunganishwa kwa «au», moja ikiwa kweli, kauli nzima ni kweli. Katika hali nyingine, kutojua kwa upande mmoja huifanya kauli nzima isijulikane.

Hatari iliyomo katika kuhariri

Watu wengi hawaandiki SQL kwa mkono. Hutumia programu ya kuhariri, ambayo huonyesha jedwali kwenye kioo mfano wa daftari, na mtumiaji hubadilisha visanduku kwa kuandika ndani yake. Hapa ndipo hatari inapojificha, kwa sababu kwa macho nali na maandishi matupu vyaweza kuonekana sawasawa: kisanduku cheupe.

Fikiria karani anayebonyeza kisanduku chenye nali, akaandika herufi moja kwa bahati mbaya, akaifuta, kisha akahifadhi kazi yake. Anaamini kwamba amerudisha mambo yalivyokuwa. Lakini baadhi ya programu zitakuwa zimehifadhi maandishi matupu. Mgonjwa ambaye hajaulizwa amegeuka kuwa mgonjwa aliyesema hana mzio, na hakuna atakayekumbuka kumwuliza tena. Herufi moja iliyoandikwa na kufutwa imezaa ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo programu nzuri hufanya mambo mawili. Kwanza, huonyesha nali waziwazi, aghalabu kwa kuandika neno NULL kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku. Pili, humpa mtumiaji njia ya makusudi ya kuiweka. Katika phpMyAdmin, kwa mfano, kando ya kisanduku kinachoruhusu nali pana kijisanduku cha kutiwa alama.

Hata hivyo, tahadhari haiishii kwenye programu moja. Katika mfumo wa Oracle maandishi matupu huchukuliwa kuwa nali, hivyo mapatano ya zahanati yetu yangevunjika siku ile taarifa zake zikihamishiwa huko. Hali kadhalika, taarifa zikitolewa katika faili la maandishi ambamo thamani hutenganishwa kwa mkato, PostgreSQL huisoma nafasi isiyo na kitu kuwa nali, na alama mbili za kunukuu zisizo na kitu kati yake huzisoma kuwa maandishi matupu. Faili hilo likifunguliwa kwa programu ya kawaida ya majedwali na kuhifadhiwa upya, tofauti hiyo yaweza kufutika bila onyo lolote.

Dawa iliyo bora ni kutokiacha kisanduku kitupu kibebe maana nzito. Zahanati yetu yafaa iongeze safu nyingine: «Je, ameulizwa?», nayo ijibiwe ndiyo au hapana, na jedwali lenyewe likatae nali katika safu hiyo. Hapo ukimya hautakuwa na nafasi ya kufasiriwa vibaya.

Jaribio la darasani

Mwalimu achore ubaoni jedwali la wanafunzi kumi lenye safu ya jina na safu ya namba ya simu ya nyumbani, na aache visanduku vitatu vitupu. Wanafunzi waandike maana zote ambazo kisanduku kitupu chaweza kuwa nazo: nyumbani hakuna simu, simu ipo lakini namba haijulikani, mwanafunzi hajaulizwa, alikataa kuitaja. Kisha walipange jedwali upya, hata mgeni akilisoma asilazimike kukisia. Watakaoweza kufanya hivyo watakuwa wameshika jambo ambalo hata wajuzi wa kompyuta hulisahau: kabla ya kuandika «hakuna», ni lazima mtu awe ameuliza.