Punda Wawili wa Kusini mwa Anga

Wapo miongoni mwetu, walimu wakiwamo, wanaoshikilia kwamba anga halina Kiswahili. Kwamba mwanafunzi atakaye kuzitaja nyota hana budi kuazima ndimi za Wazungu. Nyota moja tu yatosha kuipinga dhana hiyo.

Mwezi wa Juni, yapata saa tatu za usiku, mtu aliyesimama Likoni au Kisauni akielekea kusini huona nyota mbili zing'aazo, kushotoni mwa Msalaba wa Kusini. Hata Changamwe, ambako taa za bandari na barabara huzimeza nyota hafifu, hizi hazifichiki. Iliyo angavu zaidi huitwa vitabuni Alpha Centauri, au Rigil Kentaurus.

Wengi hudhani jina hili la pili ni Kilatini kitupu. Sivyo. Rijl ni neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Qanturus ni neno la Kiyunani lililopitia Kiarabu, jina la kiumbe wa ngano aliye nusu mtu, nusu farasi. Wazungu waliandika g palipokuwa na j. Basi Mswahili atamkaye Rijili Kantori yu karibu zaidi na asili ya neno la kwanza kuliko kitabu cha Kiingereza.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na jina jingine. Katika dira yao ya nyota yenye pande 32, aliyoieleza Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, nyota hizi mbili ziliitwa Himaran, yaani punda wawili. Katika dira hiyo hiyo imo Suheli, nyota ambayo jina lake limekuja kumaanisha kusini katika Kiswahili. Kiishio -an katika Kiarabu huonyesha uwili, idadi isiyokuwamo katika sarufi yetu, ijapokuwa masalio yake tunayo katika neno Haramaini, yaani Makka na Madina.

Hapa ndipo penye kinaya. Punda hao wawili si pacha: mmoja yuko umbali wa miaka ya nuru 4.4, mwenziwe yapata 390. Pacha wa kweli wamejificha ndani ya punda mmoja. Mwaka 1689 padri Jean Richaud, akiwa Pondicherry nchini India, aliona kwa darubini kwamba Rijili Kantori ni nyota mbili. Twajua sasa kuwa huzungukana kwa takriban miaka 80. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulimpa pacha mdogo jina rasmi la Toliman, kutokana na neno la Kiarabu la wingi lenye maana ya mbuni. Wingi huo leo wataja nyota moja!

Je, majina hayo ni makosa? La. Jina huhifadhi jicho na kazi ya aliyelitoa. Baharia alihitaji alama mbili za kumwongoza, na umbali wake haukumhusu. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi asione haya kulitamka jina la Rijili Kantori darasani, wala mwalimu wa Kiswahili asimwachie mwenzake anga lote. Nao wanafunzi wa Mombasa bara wawaulize wavuvi wazee wa mitaani mwao huziitaje nyota hizi, kabla majina hayajazikwa pamoja na wenyewe.